Nyasi za Rweya, Udongo wa Kibanja

Barabara inayotoka Muhutwe na kupanda kuelekea Kamachumu, wilayani Muleba, mkoani Kagera, hupita katika nchi mbili. Ya kwanza ni mbuga ya nyasi, yenye mawe yanayochungulia na udongo mwepesi wa kichanga ambao mvua imeuosha rutuba kwa karne nyingi. Wahaya huiita rweya. Ya pili ni kivuli cha kijani: migomba iliyosongamana, mibuni chini yake, maharage chini ya mibuni, na juu ya vyote miti mirefu iliyoachwa isimame kwa makusudi. Hicho ni kibanja, neno lililo ndugu wa kiwanja cha Kiswahili. Mpaka kati ya nchi hizo mbili ni mkali kiasi kwamba mtu anaweza kuweka mguu mmoja kwenye rweya na mwingine kibanjani.

Mgeni hudhani kwamba watu wa zamani walichagua penye udongo mzuri wakapaacha pabaya. Sivyo. Chini kabisa mwamba ni ule ule, na mchanga uliotokana nao ni ule ule. Weusi wa udongo wa kibanja uliletwa na watu, mzigo baada ya mzigo, kichwani na mgongoni, pamoja na kwato za ng'ombe waliorudi nyumbani jioni.

Siku hizi mtu mmoja mmoja anaulizwa swali ambalo babu zake hawakuulizwa: maisha yako yanatoa hewa ya ukaa kiasi gani? Ushauri unaofuata swali hilo umekwisha kuzoeleka. Usitupe mabaki ya jikoni, yageuze mboji. Kula kinachoota karibu nawe. Acha mfuko wa plastiki. Tumia kuni kidogo. Panda mti. Mtanzania wa kawaida ana sehemu ndogo sana katika mzigo wa dunia: hewa ya ukaa itokanayo na mafuta, gesi, makaa ya mawe na saruji haifiki hata theluthi ya tani kwa kila mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unakaribia tani 5 na ule wa Marekani hupita tani 13. Lakini hesabu hiyo haiuhesabu msitu uliokatwa wala udongo uliochakaa. Katika mambo hayo mawili, msitu na udongo, Bukoba na Muleba zina historia ndefu kuliko ushauri wote huo, na historia yenyewe ina pande mbili.

Upande wa kwanza ni wa moto.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mwanaakiolojia Mmarekani, Peter Schmidt, alifika Buhaya, nchi ya Wahaya, akafuata masimulizi ya wazee hadi Kaiija, mahali patakatifu katika kijiji cha Katuruka, upande wa Maruku. Palikuwa na mti mkubwa, na wazee walisimulia kwamba mkama (mfalme) Rugomora Mahe aliwahi kujengesha hapo mnara wa chuma ili aone kilichoko mbinguni. Schmidt alichimba. Chini ya mahali palipotajwa na masimulizi alikuta mabaki ya kazi ya chuma, ya kale kuliko mkama huyo kwa karne nyingi. Kwenye ghuba ya Kemondo, kusini mwa mji wa Bukoba, zilipatikana tanuri nyingine zenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 2,000.

Schmidt alipofika, kazi ya kuyeyusha chuma ilikuwa imekwisha kufa. Vyuma vya bei nafuu kutoka Ulaya viliiua katika miongo ya mwanzo ya ukoloni, na majembe ya dukani yakachukua nafasi ya majembe ya wahunzi. Lakini walikuwapo wazee waliowahi kuifanya ujanani, na katika miaka ya 1970 wakajenga upya tanuri, wakavukuta mivukuto, wakapata chuma. Schmidt na mwenzake Donald Avery walitoa matokeo katika jarida la Science mwaka 1978, wakaripoti joto lililozidi nyuzi 1,800 za Selsiasi. Hoja yao kwamba hewa ya mivukuto ilipashwa moto kabla ya kufika katikati ya tanuri, kwa sababu mirija ya udongo iliingizwa ndani kabisa, imepingwa na wataalamu wengine na mabishano hayajaisha. Jambo moja zuri halina mabishano. Kabla ya kuwasha, wazee walichoma matete ya kinamasi ndani ya shimo la tanuri hadi yakawa masizi, na masizi hayo yakakipa chuma kaboni yake. Neno linalotajwa leo katika mikutano ya tabianchi lilikuwa, kwa mhunzi wa Kihaya, rundo la matete yaliyoungua chini ya miguu yake.

Chuma kinakula mkaa, na mkaa unakula msitu. Kwa maelezo ya Schmidt, karne hizo za uyeyushaji, zikisaidiwa na mashamba ya watu walioongezeka, zilipunguza sana misitu ya ukanda wa ziwa, hadi kazi yenyewe ikapungua na watu wakatawanyika kwa muda mrefu kabla ya nchi kujaa tena. Mvua hapa ni nyingi mno. Bukoba mjini hupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Mvua ya kiasi hicho juu ya mchanga uliovuliwa miti haiachi kitu. Rweya, basi, haikuzaliwa tupu. Sehemu yake, angalau, ni kovu, na waliolitia kovu hilo walikuwa mafundi stadi wa zama zao.

Ndipo unapokuja upande wa pili, wa kibanja. Migomba, ambayo asili yake ni Asia, ilikuwa imeshafika Maziwa Makuu karne nyingi kabla ya mji wa Bukoba kuwapo, na waliorudi kujaza nchi hii waliifanya nguzo ya maisha. Mgomba una faida moja kubwa katika nchi ya mvua: hauhitaji ardhi kulimwa upya kila msimu. Shina likitoa mkungu hukatwa, chipukizi huchukua nafasi yake, na shamba moja huweza kuishi miaka kwa miaka. Lakini mgomba ni mlaji mkubwa, hasa wa potasiamu, na mchanga wa rweya hauna cha kuupa. Kila kilichohitajika ilibidi kitoke mahali pengine.

Kilitoka kwa njia ya ng'ombe. Mchana walichungwa rweya, usiku walilala ndani ya nyumba ile ile na watu, kwenye msonge, nyumba ya duara ya nyasi ambayo paa lake lilishuka mpaka chini. Walichokula kilimani wakakiacha samadi nyumbani, na samadi ikaenda kwenye migomba. Kilitoka pia kwa njia ya nyasi. Nyasi za rweya zilikatwa, zikakauka, zikafungwa mizigo, zikatandazwa kibanjani kama matandazo. Nyasi nyingine zilitandikwa sakafuni mwa nyumba mahali pa zulia; zilipochakaa ziliondolewa, zikaletwa mpya, na zile kuukuu zikaenda shambani. Nyasi zilizotumika kukamulia ndizi za olubisi, pombe ya ndizi inayokamuliwa kwa kukanyagwa ndani ya mtumbwi wa mti na kuchachushwa kwa unga wa mtama, nazo zilikwenda shambani. Maganda ya ndizi yalikwenda kwa mbuzi au moja kwa moja kwenye shina. Majivu vivyo hivyo. Mgomba uliokwisha kuzaa ulikatwakatwa ukalazwa pale pale ulipokuwa umesimama.

Ndiyo maana katika vibanja vingi migomba iliyo karibu na nyumba huwa minene kuliko ile ya pembeni. Ukitazama kibanja kutoka mlangoni kwenda nje unaona jinsi kikapu cha maganda kilivyokuwa kikichoka njiani.

Inafaa kukaa kidogo kwenye matandazo, maana ni jambo linalodharauliwa kwa kuwa halina mashine wala bei. Tabaka la nyasi kavu juu ya udongo hupokea tone la mvua lisipige mchanga. Huzuia magugu. Huweka unyevu wakati wa kiangazi. Hulisha minyoo, na minyoo huburuta mabaki chini hadi yanakuwa mboji nyeusi. Sehemu ya kaboni ambayo nyasi zilivuta kutoka hewani hubaki ardhini kwa muda, mradi tu mwenye shamba asiipindue ardhi kwa jembe la kina; na kwenye kibanja jembe la kina liliogopwa kwa sababu hukata mizizi ya mgomba. Mkulima wa Kihaya hakuwa akifikiria anga. Alikuwa akifikiria mkungu. Lakini alichokijenga, kwa kipimo cha wanasayansi wa udongo wa leo, ni ghala la kaboni juu ya ardhi ambayo haikuwa nayo.

Juu ya migomba ilisimama miti, na kila mmoja ulikuwa na sababu yake ya kuwapo. Mhumula, ambao wataalamu wa mimea huuita Maesopsis eminii, hukua haraka, hutoa mbao, na kivuli chake chepesi hakiinyimi kahawa jua. Jina lake la kitaalamu linamkumbuka Emin Pasha, yule aliyeanzisha kituo cha Wajerumani Bukoba mwezi Novemba 1890. Mlamula ulipandwa mpakani, na ugomvi wa mipaka ulikwishia hapo. Mtoma ulitoa nguo. Gome lake lilichunwa, likapondwa kwa nyundo ya mti hadi likawa pana na laini, na shina lililobaki uchi likafungwa majani ya migomba hadi gome jingine lilipoota. Mti haukufa, uliendelea kuvisha watu mwaka baada ya mwaka. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, ambako mti huo huitwa mutuba, utengenezaji wa nguo za magome ulitambuliwa na UNESCO mwaka 2005. Bukoba kazi hiyo imekwisha tangu kitambo, kwani kaniki na marekani za madukani ziliifikia mapema.

Jani la mgomba lilikuwa sahani, mfuniko, kifungashio na mwavuli. Ndizi zilipikwa zikiwa zimefunikwa majani ili mvuke usitoroke, na mvuke usiotoroka ni kuni zilizookolewa. Maharage yalichanganywa humo humo, chungu kimoja kikatosha mlo mzima. Nyama ya kila siku haikuwapo kwa watu wengi. Badala yake kulikuwa na samaki wa ziwani na, miezi ya mvua ikifika, senene, wadudu wa jamii ya panzi, ambao Bukoba huliwa kwa furaha isiyoelezeka kwa asiyezaliwa huko. Senene hakuhitaji zizi wala malisho. Zamani alikamatwa alfajiri kwenye nyasi na wanawake na watoto, ingawa mila iliwakataza wanawake kumla. Siku hizi huvutwa usiku kwa taa kali za umeme, akateleza kwenye mabati na kutumbukia kwenye mapipa. Na kwa miaka mingi umeme wenyewe ulitoka Uganda, kwenye mabwawa ya Mto Nile, kupitia kituo cha Kyaka.

Kusimulia haya yote kana kwamba yalikuwa bustani ya amani kungekuwa kuwadhulumu walioyafanya. Rweya ililipa gharama. Kila mzigo wa nyasi uliotandazwa kibanjani ulikuwa umeondolewa mahali pengine, na kilima kikabaki maskini ili nyumba ineemeke. Rweya ilichomwa moto mara kwa mara pia ili nyasi changa ziote kwa ajili ya mifugo. Hata vishamba vilivyofunguliwa humo, viitwavyo omusiri, vililimwa kwa kukusanya na kuchoma nyasi, vikapandwa njugumawe, kisha vikaachwa vipumzike miaka kadhaa.

Omusiri ulikuwa wa wanawake. Na hapa ndipo historia ya kibanja inapouma. Nyasi zilibebwa zaidi na wanawake. Maganda yaliondolewa jikoni na wanawake. Palizi ya maharage chini ya migomba ilikuwa yao. Lakini kibanja, ambamo mababu wa ukoo walizikwa, kilirithiwa na wanaume. Sheria za mila za Wahaya, zilizokusanywa na Hans Cory na Hartnoll katika kitabu cha mwaka 1945, zilimruhusu binti kutumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Mwaka 1988 Holaria Pastory, aliyerithi ardhi kwa wosia wa baba yake, aliiuza kwa mtu asiye wa ukoo. Bernardo Ephrahim, wa ukoo huo, akafungua kesi katika Mahakama ya Mwanzo Muhutwe, pale pale chini ya kilima cha Kamachumu. Shauri lilipanda hadi Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji James Mwalusanya akaamua kwamba mila hiyo inapingana na haki zilizomo katika Katiba, na kwamba mwanamke anaweza kuuza ardhi kwa masharti yale yale anayowekewa mwanamume. Hukumu hiyo husomwa katika vyuo vya sheria sehemu nyingi za Afrika. Kwa historia ya udongo ina maana ya karibu zaidi: waliobeba rutuba karne zote hizo walipata kutajwa mahakamani kuwa na haki juu yake.

Wapo wengine waliobeba bila kumiliki. Chini ya mfumo wa nyarubanja, mkama aliwapa watu wake vibanja vikubwa pamoja na wakulima waliokuwa humo, na wakulima hao wakawa wapangaji wa kulipa mazao na kazi juu ya ardhi waliyoinenepesha wenyewe. Mfumo huo ulivunjwa kwa sheria baada ya uhuru, katika nusu ya pili ya miaka ya 1960.

Kibanja kilianza kutikisika zamani kuliko wengi wanavyodhani. Katika miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe wa Afrika Mashariki, na Buhaya haikuponea. Ng'ombe walipokwisha, daraja kati ya kilima na mgomba likavunjika. Wengine walirudi kufuga, wengi hawakuweza tena, na tangu hapo tofauti kati ya kibanja cha mwenye ng'ombe na cha asiye naye imeonekana kwa macho.

Kisha kahawa. Wahaya walikuwa na buni yao tangu zamani, robusta iliyochemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, ikakaushwa na kutafunwa. Mgeni alikaribishwa kwayo, na punje mbili za tunda moja zilifunga udugu wa damu. Utawala wa Kijerumani, na baadaye wa Kiingereza, uliigeuza kuwa zao la fedha. Fedha ilileta baiskeli, mabati na karo za shule, na hakuna sababu ya kuionea haya. Ilileta pia maofisa kibanjani. Mwaka 1937 sheria za kahawa zilizompangia mkulima namna ya kutunza mibuni yake zilizusha maandamano na ghasia Bukoba. Kwa mtu ambaye familia yake iliitunza ardhi hiyo kwa vizazi, kuamrishwa na mgeni jinsi ya kuishughulikia lilikuwa tusi. Mwaka 1950 wakulima walipata chama chao cha ushirika, kilichokuja kuwa KCU (Chama cha Ushirika cha Kagera), ambacho katika miongo ya karibuni kimeuza Ulaya kahawa yenye cheti cha kilimo hai. Wanachama wengi hawakuhitaji kubadili mengi ili kukipata. Mbolea ya dukani ilikuwa haijawahi kufika shambani mwao.

Mwaka 1983 wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera. Kilichofuata hakihitaji kuchorwa kwa watu wa Bukoba na Muleba, maana makaburi yapo katikati ya migomba. Kwa ardhi kilimaanisha jambo moja: mikono ilipungua. Kubeba nyasi kutoka kilimani ni kazi ya mtu mwenye nguvu, na waliobaki walikuwa bibi na mjukuu. Vibanja vingi viliacha kutandazwa katika miaka hiyo, na kibanja kisichotandazwa hurudi polepole kuwa mchanga.

Katikati ya miaka ya 2000 ukaja mnyauko bakteria wa migomba, ulioonekana Tanzania kwa mara ya kwanza wilayani Muleba. Ugonjwa huu ulishambulia desturi zile zile zilizokifanya kibanja kiishi. Zamani chipukizi lilikuwa zawadi kati ya ndugu, na kisu kimoja kilizunguka shamba zima. Sasa chipukizi na kisu vikawa njia ya kifo. Watu walijifunza kuvunja ua dume kwa mti wenye panda badala ya kulikata, kupitisha kisu kwenye moto, na kung'oa shina zima lililougua. Mabaki ya mgomba mgonjwa hayawezi kutandazwa ovyo kwenye migomba mizima.

Na wakati huo rweya yenyewe ilikuwa inabadilika. Zamani ilikuwa malisho ya wote chini ya usimamizi wa mkama na baadaye wa kijiji. Sasa sehemu kubwa imegawanywa na kupandwa mipaini na mikaratusi, mara nyingi na wenye kipato cha mjini. Miti hiyo huvuta hewa ya ukaa, hilo ni kweli, na mbao zake zinahitajika. Lakini mwanamke aliyekuwa akikata nyasi mahali hapo hukuta sindano za mipaini, na mkulima wa kibanja cha jirani hukosa matandazo. Ushauri wa kupanda miti unapaswa kuulizwa: mti gani, mahali pa nani, badala ya nini?

Nyumba nazo zimebadilika. Msonge umebaki kwenye makumbusho na vitabu vya picha. Mahali pake pamekuja matofali ya kuchoma, na tanuru ya matofali humeza magogo kwa siku kadhaa mfululizo. Tarehe 10 Septemba 2016 tetemeko la ardhi la kipimo cha 5.9 liliitikisa Bukoba, likaua watu wasiopungua 16 na kubomoa nyumba kwa maelfu. Kujenga upya kulihitaji matofali mengine, na matofali mengine yalihitaji kuni nyingine. Hakuna anayestahili kulaumiwa kwa kutaka paa juu ya kichwa. Ni vema tu ijulikane moto huo uliwashwa kwa miti ya wapi.

Yapo yaliyorejea. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019, vikapu vilirudi mikononi mwa wanunuzi, na jani la mgomba, ambalo halikuwa limeondoka kabisa, likapata kazi zaidi. Ng'ombe wa maziwa wa kufugwa zizini, waliogawiwa kwa utaratibu wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, wamerudisha samadi katika nyumba zilizoikosa vizazi vitatu. Mwenye ng'ombe wa zizini anaweza kujenga mtambo wa gesi ya samadi, na mpango wa kitaifa wa mitambo hiyo, ulioratibiwa na taasisi ya CAMARTEC ya Arusha, ulianza mwaka 2009. Tope linalotoka kwenye mtambo ni mbolea nzuri. Linakwenda pale pale samadi ilipokuwa ikienda enzi za msonge. Kwa asiye na ng'ombe bado ni mafiga matatu au jiko la mkaa, na tanuri la kienyeji la mkaa hutoa uzito usiozidi moja ya tano ya mti uliotiwa ndani yake. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, uliozinduliwa mwaka 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na moshi huo ifikapo 2034.

Kilicho kigumu zaidi kurekebisha kiko bandarini. MV Victoria, meli iliyoanza kazi ziwani mwaka 1961 na kukarabatiwa miaka ya karibuni, husafiri usiku kati ya Bukoba na Mwanza kupitia Kemondo. Jioni ya safari, mikungu ya ndizi hupangwa gatini kwa mamia, majani ya migomba yakiwa yametandikwa chini ili isichubuke. Mingine hupakiwa kwenye malori kwenda mbali zaidi, hadi Dar es Salaam. Ni biashara inayosomesha watoto wa Muleba, na ndizi iliyosafiri kwa meli haijachoma mafuta mengi. Ila katika kila mkungu imo potasiamu iliyochukua miaka ya nyasi na samadi kukusanywa, na maganda yatamenywa Mwanza, yatupwe dampo la Mwanza. Meli hurudi Bukoba na saruji, mabati, sabuni na abiria wenye usingizi. Jioni ya pili wapagazi wanakunja tena mikono ya mashati, na mikungu mipya inashushwa kutoka kwenye malori, utomvu bado unachuruzika kwenye vikonyo.